Ukiambiwa mheshimiwa "ni wa Mathari", mpime hivi

Juzi kwa matatu ya Donholm jamaa alikuwa anapitisha simu, klipu ya mheshimiwa fulani analia jukwaani, ananyamaza, halafu anacheka peke yake, na gari nzima ishaamua: "huyo apelekwe Mathari," ile hospitali ya wagonjwa wa akili Nairobi. Klipu yenyewe haifiki hata dakika.

Sasa ikikufikia kama hiyo kwa grupu, kabla hujafowadi, uliza kwanza ni nani amesema ni mgonjwa. Daktari ambaye hajamwona anabahatisha tu kama wewe. Marekani mwaka wa 1964 jarida moja liliwauliza madaktari wa akili kuhusu Barry Goldwater, mgombea urais, na zaidi ya elfu moja wakajibu ati hafai, hawajawahi kumpima! Alishtaki jarida akashinda, na 1973 chama cha madaktari hao kikapiga marufuku huo mchezo.

Haya, tuseme ugonjwa upo kweli. Bado jina la ugonjwa halikuambii kama mtu anaweza kazi. Kjell Magne Bondevik, waziri mkuu wa Norway, 1998 alisema wazi ana dipresheni, akachukua likizo ya wiki chache, akarudi ofisini, na 2001 akawa waziri mkuu tena. Hapa kwetu wapinzani wangekuwa washatunga wimbo kabla jioni, ndio maana waheshimiwa wanaficha, na anayeficha hatibiwi, mimi huyo ndiye naogopa.

Kwa hivyo angalia kazi. Bungeni anaonekana? Anasikiza watu wake ama kila anayempinga ni adui? Alichosema wiki jana anakumbuka? Basari, zile pesa za karo, zimefikia watoto wa nani? Maana wengi waliotumalizia pesa za basari, ukiwapeleka kwa daktari wanatoka na akili timamu kabisa.

Katiba ya Kenya nayo, Kifungu cha 99 kinamfungia asiye na akili timamu kuwa mbunge, lakini hakitaji ugonjwa wowote kwa jina. Rais ana Kifungu cha 144: robo ya wabunge waunge hoja ya kuchunguza kama anaweza kazi, zaidi ya nusu waipitishe, Jaji Mkuu aunde jopo la watu watano ndani ya siku saba, madaktari watatu, wakili mmoja na mmoja wa kuteuliwa na rais mwenyewe, waripoti kwa siku 14. Na wakisema hawezi, bado Bunge la Taifa lipige kura.

Yule jamaa nilimuuliza mheshimiwa wake huonekana mtaani kweli. Akasema hamjui, hata si wa kaunti yao, alitumiwa tu.