Gari Linatetemeka Ukikanyaga Mafuta: Lisome Kwanza, Spea Baadaye

Kabla ya kushuka Kirinyaga Road, Nairobi, kununua plagi, lipe gari dakika kumi barabarani. Mtetemo wa kuongeza mwendo mara nyingi hutoka sehemu tatu: injini inayomisi (silinda moja au zaidi haichomi mafuta sawasawa), shafti (fito zinazozungusha tairi) au maunti (raba zinazoishika injini) zilizochoka, na gia boksi. Spea ya ugonjwa mmoja haitibu mwingine, na hapo ndipo pesa nyingi za wenye magari hupotelea.

Tafuta kipande cha barabara tambarare kisicho na msongamano. Jumapili asubuhi inafaa. Fika kilomita 60 kwa saa, kisha inua mguu kwenye mafuta. Mtetemo ukibaki vilevile na kupungua polepole pamoja na mwendo, hiyo ni balansi ya tairi au rimu iliyopinda kwenye shimo. Ukikoma papo hapo mguu unapoinuka, endelea hapa chini. Rudia jaribio kwenye mlima, kama ule wa Waiyaki Way ukielekea Kikuyu, maana misi ndogo hujificha gari likiwa halina mzigo.

Sikiliza namna ya mtetemo. Injini inayomisi hukatakata bila mpangilio, kama mtu mwenye kwikwi. Jointi ya shafti iliyoisha hulitikisa gari kushoto na kulia, hasa kati ya kilomita 40 na 80, na huzidi ukibeba abiria. Gia boksi ya CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua) hutoa mtetemo wa haraka unapoondoka taratibu, kama tairi zinapita juu ya matuta madogo yaliyopangana.

Tuanze na injini. Tuchukue mfano wa 1NZ-FE, injini ya Toyota iliyomo kwenye Fielder, Axio na Probox nyingi za hapa mjini. Taa ya injini ikipepesa wakati gari linatetemeka, punguza mafuta mara moja: petroli isiyoungua inaingia kwenye sailensa na kuunguza kichujio cha moshi, ambacho bei yake ni mara kadhaa ya ile ya koili, kifaa kinachoipa plagi umeme. Chomeka mashine ya kusoma kompyuta. Kodi P0301 hadi P0304 zinakutajia silinda inayomisi. P0300 ina maana misi inarukaruka kati ya silinda.

Tuseme umepata P0302. Usinunue chochote bado. Zima injini, iache ipoe, fungua bolti ya namba 10 inayoshika koili ya silinda ya pili, ubadilishane na ya silinda ya tatu. Futa kodi, endesha. Kodi ikihamia P0303, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0302, hamisha plagi kwa njia hiyo hiyo, na baada ya hapo mtuhumiwa ni injekta (kinachopuliza mafuta) au kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda).

Ukichomoa koili, mulika tochi ndani ya shimo. Oili humo ina maana gaskiti ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini) imechoka. Badilisha gaskiti kwanza, la sivyo koili mpya itaharibika vilevile. Ukikuta maji, uliza gari limeoshwa injini lini. Wanaoosha injini kwa mashine ya presha husukuma maji hadi kwenye mashimo haya, na misi huanza siku hiyo hiyo. Kausha kwa hewa, paka koili grisi ya umeme (dielectric) kwenye mdomo wa raba.

Plagi hufunguliwa kwa soketi ya namba 16. Mwanya wake, pale cheche inaporuka, ni milimita 1.1; kwa plagi za NGK, zile tarakimu “-11” mwishoni mwa namba ndizo zinazousema. Anza kuikaza kwa vidole mpaka ikae, ndipo ushike spana, karibu Nm 18. Silinda hedi ni ya aluminiamu, na plagi iliyoingia upande huua nyuzi za shimo.

Koili na plagi zikiwa nzima na kodi ikiwa P0171, injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta. Kagua mpira wa hewa kama umepasuka baada ya sensa ya hewa, kisha pima presha ya mafuta: 304 hadi 343 kPa. Atakayekuambia ni hewa nyepesi ya Nairobi, mita 1,700 juu ya bahari, mshukuru na uende kwa fundi mwingine. Kompyuta hurekebisha hilo yenyewe.

Shafti sasa. Inua mbele kwa jeki, weka stendi, kamata shafti karibu na gia boksi uisukume juu na chini. Kuteleza kidogo kuingia na kutoka ni kawaida ya jointi ya ndani. Kugonga juu na chini siyo. Wengi hubadilisha jointi ya nje, ambayo kosa lake ni kulia tak-tak ukikata kona, kisha hushangaa mtetemo ukibaki.

Maunti ni haraka: breki ya mguu na ya mkono, gia D, gusa mafuta kidogo huku mwenzako akitazama injini akiwa pembeni, kamwe si mbele ya gari. Injini ikiruka, maunti imeisha. Rudia kwenye R.

CVT hupenda oili yake tu. Nissan Note E12 hutumia NS-3, Fielder ya NZE161 hutumia Toyota FE. ATF (oili ya gia boksi za otomatiki) nyekundu ya kawaida itaimaliza. Mwaga, pima kilichotoka, rudisha kiasi hicho hicho cha oili mpya, kisha hakikisha kiwango oili ikiwa kwenye joto ambalo mtengenezaji ameagiza. Fungua pia sampo (bakuli la oili chini ya gia boksi) utazame sumaku zake. Uji laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida. Ukiona vipande vinavyong’aa, oili mpya haitasaidia. Anza kuulizia bei ya gia boksi.