Tamasha la muziki la kurudisha msitu Lubumbashi: mambo ya kuzingatia kabla

Karibu kila anayetaka kuandaa tamasha la muziki ili mapato yake yarudishe msitu huanza na jukwaa: nani ataimba, uwanja gani, tiketi bei gani. Ningeomba aanze na kalenda ya msitu, maana hapa Lubumbashi hiyo ndiyo itakayoamua kama kazi itafaa au haitafaa. Mvua yetu huchanganya Novemba na kukatika Machi au Aprili. Tamasha la nje linataka kiangazi: barabara kavu, jukwaa lisilolowa, nyaya za umeme zisizolala kwenye matope. Mche nao unataka Desemba. Ukipanga watu wacheze muziki Juni na kesho yake wapande miti, umepanga miti hiyo ife. Udongo wa Juni hautaona tone la maana kwa miezi minne au mitano, na kabla mvua haijarudi, moto wa nyika utakuwa umepita.

Wazo lenyewe limetujia kutoka nchi za msitu wa mvua. Tamasha la muziki la Sarawak, kisiwani Borneo, chini ya mlima Santubong, linabeba jina la msitu wa mvua tangu 1998, na wengi wanaotaka kuiga matamasha ya namna hiyo huwa na picha moja kichwani: nunua miche, ipande, piga picha. Kule mvua hunyesha karibu mwaka mzima, miti inayokua haraka hufunga kivuli ndani ya miaka michache, na moto si mgeni wa kila mwaka. Kwetu Kongo msitu wa namna hiyo uko kaskazini, kwenye bonde la mto. Sisi wa mkoa wa Haut-Katanga tuna miombo, msitu unaokaa karibu nusu mwaka bila mvua na unaojua kuungua. Dawa yake ni nyingine.

Kwa hiyo, kabla ya kununua hata mche mmoja, nendeni mkaangalie visiki. Chukua mahali palipokatwa kwa ajili ya makala, yaani makaa ya kupikia, miaka mitatu iliyopita, barabara ya Kipushi au ya Likasi, haidhuru. Inama kwenye kisiki cha mutondo, mmoja wa miti ya miombo. Kimefika magotini, ganda limeungua upande mmoja, na pembeni yake yamesimama machipukizi kumi au zaidi, membamba kama kidole gumba, yakinyang'anyana mwanga. Ukija mwishoni mwa Septemba utakuta majani machanga mekundu, ingawa mvua haijanyesha. Mti ule haujafa. Mizizi yake imekaa chini miaka mingi na ina akiba. Mche wa kitalu hauna akiba hiyo: mche wa miti ya miombo hutumia miaka yake ya mwanzo kujenga mzizi, na kijiti cha juu mara nyingi hukauka kila kiangazi na kuchipua upya. Mahali penye visiki hai vingi, fedha ya kununulia miche ni fedha ya kupoteza. Pale kazi ni kuchagua machipukizi mawili au matatu yenye nguvu kwenye kila kisiki, kukata mengine, na kuzuia moto na shoka. Mahali ambapo visiki vimeng'olewa na shamba limelimwa miaka mingi, hapo ndipo mzungumze habari ya kupanda.

Swali la moto ndilo ningelipa muda mrefu kuliko yote. Upande wa pili wa mpaka, karibu na Ndola, Zambia, kuna viwanja vya majaribio vilivyoanzishwa 1933. Vingine vilichomwa kila mwaka mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu. Vingine vilichomwa mwishoni mwa kiangazi, kila kitu kikiwa kimekauka. Vingine havikuguswa na moto kabisa. Vile vya moto wa mwisho wa kiangazi viligeuka kuwa nyasi tupu. Vile vya moto wa mapema vilibaki na miti. Visivyochomwa vilisonga kuwa msitu mnene. Sioni somo lililo wazi kuliko hilo kwa mtu anayetaka kuweka fedha za tiketi ardhini. Moto wa Septemba na Oktoba, ule wa wawindaji na wa kusafisha mashamba, unaua machipukizi yote uliyoyachagua kwa upole. Moto mdogo wa Mei au mwanzo wa Juni, ukisimamiwa na watu wanaoujua, unapunguza nyasi na kulinda kilichobaki.

Hapo ndipo kalenda ya tamasha na kalenda ya msitu zinapokutana. Wekeni tamasha mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni. Usiku ni baridi, waambieni watu waje na jaketi, lakini ndio wakati hasa wa kulima njia za kuzuia moto, kuchoma mapema pale panapostahili na kuchambua visiki. Umati wa Juni unakuwa na kazi halisi ya kufanya. Upandaji, kama upo, unasubiri Desemba, na unafanywa na kikundi kidogo kinacholipwa, bila jukwaa.

Tiketi ifuate mantiki hiyo. Ahadi ya "tiketi moja, mti mmoja" inavutia kwenye bango, lakini fanyeni hesabu. Kwa nafasi ya mita 4 kwa 4, hekta moja inaingia miche 625. Tiketi 5,000 zinatoa miche ya hekta 8, na hakuna aliyesema nani atailinda mwaka wa pili. Uzeni kitu kingine: tiketi moja inalinda mita 100 za mraba za msitu unaochipua kwa miaka mitano. Tiketi zilezile 5,000 zinafika hekta 50. Kama eneo ni la mraba, mzunguko wake ni karibu kilomita 2.8, na mkiweka njia ya kuzuia moto yenye upana wa mita 6 hadi 10 kuzunguka lote, mnajua mnahitaji majembe mangapi, vibarua wangapi na siku ngapi. Bei ya tiketi itoke kwenye hesabu hiyo. Mkianza na bei, mtakuja kugundua baadaye kwamba fedha haitoshi hata kumlipa mlinzi hadi Krismasi.

Ardhi ni ya nani? Katanga swali hili lina ghorofa tatu, na wageni huishia ya kwanza. Kuna chifu na wazee wa kijiji. Wengi wanaozunguka mji ni Walamba. Nendeni kwao pamoja na mtu mzima anayejulikana pale, salimieni, kaeni, sikilizeni mnachoulizwa, na msifungue mkutano kwa bahasha. Mkirudi mara ya pili na ya tatu ndipo mtaambiwa nani analima wapi, nani anachoma makala wapi, na mahali gani pana makaburi. Ghorofa ya pili ni ya sheria ya nchi: tangu amri ya Agosti 2014, jamii ya wenyeji inaweza kuomba msitu wake wa kimila utambuliwe kuwa msitu wa jamii, hadi hekta 50,000, bure na bila kikomo cha muda. Kama kijiji kimeshaanza njia hiyo au kinaitaka, tamasha likisaidia gharama za vikao na ramani litakuwa limefanya jambo litakaloishi kuliko miti yenyewe. Ghorofa ya tatu iko chini ya ardhi. Angalieni ramani za Cadastre Minier, CAMI, ofisi ya serikali ya vibali vya madini, mjue kama eneo lenu limo ndani ya kibali cha mtu. Sehemu kubwa ya ardhi inayozunguka Lubumbashi imeshagawanywa kwa miraba ya madini, na siku mitambo itakapoingia, hakuna atakayeuliza nani aliimba pale.

Epukeni pia kishawishi cha kupanda pale panapoonekana pamekufa zaidi. Upande wa kaskazini-magharibi wa bomba refu la kiwanda cha kuyeyushia shaba, kiwanda kilichoanza kazi 1911, upepo umebeba moshi na vumbi la metali miaka mingi na kuacha udongo uchi wenye shaba, zinki, risasi na kadimia. Pale Penga Penga wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamejaribu nyasi ya *Microchloa kunthii*, inayovumilia udongo huo na kuufunika ili vumbi lisipeperuke. Hiyo ni kazi ya maabara na ya miaka. Kuwapeleka watoto wa shule na miche ya maembe mahali kama pale ni kuwadhuru.

Pale ambapo kupanda kunahitajika kweli, kitalu kianze mwaka mmoja kabla. Mbegu za mutondo na jamaa zake hurushwa na maganda yanayopasuka kwa kishindo kwenye kiangazi, kwa hiyo mwokotaji awe msituni wakati huo. Mbegu za masuku, tunda la porini, hazivumilii kuhifadhiwa; zipandwe mara baada ya tunda kuliwa. Na kuna siri ambayo kina mama wanaookota uyoga wanaijua kwa macho, hata kama hawaielezi kwa maneno ya darasani: uyoga mwingi wa miombo hauoti mbali na miti fulani, kwa sababu kuvu wake wameungana na mizizi ya miti hiyo na wanailisha. Mche wa masuku au wa mutondo uliooteshwa kwenye udongo wa mtoni, bila kuvu hao, hudumaa. Chukueni udongo kidogo chini ya mti mama uliokomaa, mchanganye kwenye kila mfuko. Haina gharama. Acacia na mikaratusi ina nafasi yake, kwenye shamba la kuni lililo kando, ili kijiji kiwe na cha kuchoma bila kugusa msitu; msiichanganye ndani ya miombo na kuita hiyo ni kurudisha msitu.

Sasa makala. Mji huu unapikia makala kwa sababu umeme wa SNEL hauaminiki, na kuwalaumu kina mama wauzaji ni dhuluma. Lakini tamasha linalochangisha fedha za msitu huku vibanda hamsini vimewasha mbabula, majiko ya makala, usiku kucha linakula kile linachodai kuponya. Tanuri la udongo hula kilo nyingi za kuni kutoa kilo moja ya makala. Hesabuni magunia mapema. Wapishi wa bukari (ugali) na sombe (majani ya muhogo) waweza kutumia majiko ya gesi ya pamoja mkiwakodishia kwa bei nafuu. Michopo, nyama ya kuchoma, ina shida zaidi, kwa sababu watu wanataka ladha ya moto wa makala, nami siwalaumu. Kwa hao, nunueni makala ya miti iliyopandwa, mjue imetoka shamba la nani, na bei ya ziada ibebwe na tamasha, isibebwe na mchomaji nyama.

Wachomaji makala wenyewe waalikwe kabla ya wasanii. Ndio wanaojua kila kisiki, kila njia, na ni nani huwasha moto Septemba. Mlinzi bora wa hekta 50 ni mtu aliyewahi kuzikata, mradi mshahara wake unafika kila mwezi na unakaribia kile alichokuwa akipata kwa magunia. Viwavi, asali, uyoga na masuku vitaanza kumwingizia kitu msitu ukirudi. Miaka ya kwanza haviwezi kumlisha.

Uwanja wa muziki ubaki mjini. Spika, malori na maelfu ya miguu hushindilia udongo na kuvunja machipukizi, na jenereta porini Juni ni cheche karibu na nyasi kavu. Kwenye eneo la msitu pelekeni watu wachache kwa zamu, wakiwa na viatu vilivyofunga na wenyeji mbele yao. Mjini, umeme wa jua utoshe kwa taa na kuchaji simu. Jenereta iwashwe kwa jukwaa kubwa tu, na lita zake ziandikwe. Mchana upeni karindula. Lile banjo kubwa la pipa la mafuta na ngozi ya mbuzi halihitaji kilowati nyingi kujaza kiwanja cha Kamalondo au Katuba, na ni muziki wa hapa. Bia ya Simba inakuja kwenye chupa za kioo zinazorudi na kreti zake, utaratibu tulionao tayari. Tatizo ni maji ya sashe. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku kwa amri ya Desemba 2017 na bado imejaa mitaroni. Wekeni mapipa ya maji safi yenye bomba, na mtu aje na kikombe chake. Vyoo viwe vya kutosha na mbali na maji.

Fedha ya msitu ikae kwenye akaunti yake, isiyoguswa kulipa wasanii hata kama mauzo yameanguka. Watakaotia saini wawe watatu, mmoja kutoka kijijini. Kabla ya kazi yoyote, pimeni viwanja vidogo vya mita 20 kwa 20, kila kimoja na vigingi vinne na namba, hesabuni machipukizi hai yaliyopita urefu wa goti, pigeni picha mkisimama mahali palepale. Rudieni kila Juni kwa miaka mitano, wakiwepo chifu na mtu mmoja aliyenunua tiketi. Matokeo yasomwe jukwaani kabla msanii mkubwa hajapanda, namba kwa namba. Kama kiwanja cha nne kimeungua, kitajwe, isemwe moto uliingilia upande gani, na itolewe bei ya kukirudia.