Kabla ya kushusha random_page_cost, kagua idadi ya mistari

Swali moja la SQL likikwama sekunde 40, wengi hukimbilia mipangilio ya hifadhidata ya PostgreSQL, wakashusha random_page_cost, yaani bei ya kusoma ukurasa mmoja wa diski kwa kuruka, kutoka 4 hadi 1.1. Swali linapona, watu wanarudi kwenye chai. Mwisho wa mwezi ripoti iliyokuwa nyepesi inalala, na hakuna anayekumbuka kilichoguswa.

Gharama inayoonyeshwa na kipangaji, sehemu ya PostgreSQL inayochagua njia ya kuendesha swali, si shilingi wala milisekunde. Ni namba ya kulinganisha njia moja na nyingine tu. Ukivizidisha vigezo vyote vya gharama kwa kiasi kimoja, uchaguzi haubadiliki. Namba hiyo hutokana na vitu viwili: mistari na kurasa zinazotarajiwa, halafu bei ya kila moja. Mara nyingi kinachokosewa ni hesabu ya mistari, wala si bei.

Kwa hiyo anza na EXPLAIN ANALYZE, amri inayoendesha swali na kuonyesha hatua zake, ulinganishe rows (mistari) ya makadirio na rows halisi kwenye kila hatua, ukipanda kutoka chini. Rows halisi ni wastani wa kila mzunguko, na makadirio nayo ni ya mzunguko mmoja, basi zilinganishe zilivyo; zidisha kwa loops (idadi ya mizunguko) ukitaka jumla tu. Penye LIMIT usishtuke: hatua ya chini hukatizwa njiani, na tofauti yake haikuambii kitu.

Chukua kampuni ya kusambaza mizigo Mombasa, yenye jedwali la oda la mistari 1,000,000. Kaunti ina kaunti ndogo 6 na wadi 30. Karani anatafuta wadi = 'Mtongwe' na kaunti_ndogo = 'Likoni'. Mtongwe iko Likoni, hivyo sharti la pili halipunguzi hata mstari mmoja. Lakini kipangaji hakijawahi kupanda feri: kinaona safu mbili zisizojuana, kinazidisha 1/30 kwa 1/6, kinatarajia mistari 5,556. Kama oda zimegawanyika sawa kwa wadi, zitakazorudi ni 33,333. Kosa la mara 6 huvumilika kwenye jedwali moja. Ukiunganisha majedwali manne linazidi kukua, na Nested Loop, njia ya kuunganisha inayorudia jedwali la pili kwa kila mstari wa la kwanza, iliyochaguliwa kwa kudhani mistari ni michache inazunguka maelfu ya mara. Hapo hakuna bei ya ukurasa itakayokuokoa. Dawa yake ni hii:

CREATE STATISTICS mahali ON wadi, kaunti_ndogo FROM oda;
ANALYZE oda;

Usisahau amri ya pili. Bila hiyo, ya kwanza haina takwimu za kutumia. Kumbuka pia kwamba kwa mipangilio ya kawaida ANALYZE ya kujiendesha hungoja mabadiliko ya mistari 50 pamoja na asilimia 10 ya jedwali, yaani oda 100,050 hapa. Takwimu zaweza kuwa za wiki iliyopita.

Mistari ikishakaa sawa na swali bado linajikokota, sasa tazama bei. Tuseme jedwali lina kurasa 10,000. Kulisoma lote mfululizo, bila wasaidizi sambamba, ni kurasa 10,000 kwa 1 (seq_page_cost), mistari 1,000,000 kwa 0.01, na sharti moja kwa 0.0025: jumla 22,500. Faharasa (index) ikilazimu kuruka kwenye kurasa 6,000, kwa bei ya 4 ni 24,000 kabla ya kuhesabu kazi ya kichakataji, basi inashindwa. Kwa 1.1 ni 6,600, inashinda. Ile 4 ilikusudiwa diski ya kuzunguka ambayo kuruka kunagharimu mara 40 ya kusoma mfululizo, huku asilimia 90 ya kurasa zikiwa tayari kwenye kumbukumbu. Kwenye SSD dhana hiyo haisimami.

Jaribu ndani ya kikao chako pekee: SET enable_seqscan = off, inayomwepusha kipangaji na usomaji wa mfululizo, uendeshe swali tena. Njia yenye gharama kubwa zaidi ikimaliza kwa muda mfupi zaidi, tena kila mara, bei ndiyo yenye kosa. Pokezanisha njia hizo mbili angalau mara tano. Ya kwanza husoma diski na kuipashia moto inayofuata, ndiyo maana matokeo ya jaribio moja hudanganya. Ukimaliza, RESET. Kigezo hicho ni cha kupimia, si cha kuachwa kwenye seva ya kazi.

Kabla ya random_page_cost, angalia effective_cache_size, makadirio ya kumbukumbu iliyopo ya kuhifadhia kurasa. Kiwango chake ni GB 4 na hakichukui kumbukumbu yoyote, ni taarifa tu kwa kipangaji. Seva ya GB 32 inayohudumia hifadhidata peke yake yaweza kuambiwa GB 24. Hilo pekee mara nyingine hutosha.

Halafu chukua maswali 20 mazito kutoka pg_stat_statements, kiendelezi kinachorekodi takwimu za maswali, uyapange kwa total_exec_time (jumla ya muda wa kuendeshwa), uyapime yote kwa bei ya zamani na mpya. Angalia jit_above_cost pia: bei ikishuka, swali laweza kuteremka chini ya 100,000 na likaacha kutafsiriwa na JIT (kugeuzwa msimbo wa mashine wakati wa kuendeshwa), ukadhani faharasa ndiyo iliyoleta nafuu. Usishushe random_page_cost chini ya seq_page_cost. Programu itakubali, lakini hakuna diski inayofanya kazi hivyo.

Yakiharibika maswali mawili matatu, usiguse seva nzima. Weka bei mpya kwa ALTER ROLE kwa mtumiaji wa programu na umwache wa ripoti kama alivyo. Mpangilio huo hushika kwenye miunganisho mipya tu, na bwawa la miunganisho (programu inayotunza miunganisho ili itumike tena) linaweza kushikilia ya zamani siku nzima: lizime na kuliwasha kabla ya kusema mabadiliko hayajafanya kazi.