Jinsi ya kufunga feni ya paani kwenye trela la mizigo unalolala ndani

Trela la mizigo halikutengenezwa kwa ajili ya viumbe vinavyopumua. Lina milango mikubwa ya nyuma, kuta za bati, paa la alumini, basi. Wakilala ndani watu wawili, pumzi na jasho la usiku kucha hupanda juu na kugeuka maji pale yanapokutana na bati lililopoa. Asubuhi matone yamejipanga kwenye vichwa vya skrubu vya dari, na godoro lina unyevu upande wa chini. Wiki chache za hali hiyo na kuvu inaanza nyuma ya mbao za ukuta, mahali usipopaona.

Dawa yake ni tundu la hewa paani, yaani kifaa chenye ukingo na kifuniko kinachokaa juu ya nafasi iliyokatwa kwenye bati, ikiwezekana lenye feni. Wengi wanaliogopa kwa sababu linavuja kwa jirani au lilivuja kwenye trela walilonunua likiwa tayari. Nimefungua mengi yaliyovuja, na sababu mara nyingi ni ileile: chini ya tundu hapakuwa na fremu. Bati jembamba lilikuwa linacheza kila gari linaporuka shimo, na gundi iliyorundikwa juu ikapasuka. Kwa hiyo katika kazi hii, muda wako mwingi uutumie ndani ya trela ukitengeneza fremu. Kukata na kupaka gundi ni sehemu fupi.

Hatua ya 1: Chagua tundu lenyewe

Vipimo vya matundu ya hewa ya matrela ya kambi vimezoeleka: inchi 14 kwa 14, yaani kama sentimita 35.6 kila upande. Feni za MaxxAir na Fantastic Vent zimetengenezwa kwa nafasi hiyo. Faida yake ni kwamba ukianza na tundu la kawaida lisilo na feni, baadaye unaweza kuling'oa na kuweka feni bila kukata tena. Soma karatasi ya mtengenezaji kabla ya kupima, kwa kuwa wengine wanataka nafasi iongezwe robo inchi.

Kama mfuko unaruhusu, chukua feni inayoweza kuvuta hewa nje na pia kuingiza ndani, yenye mwendo zaidi ya mmoja. Usiku utaitumia kwenye mwendo wa chini kabisa, na hapo ndipo utakapojua thamani yake.

Hatua ya 2: Tafuta mahali pake

Paa la trela limeshikiliwa na boriti nyembamba zinazokwenda kutoka ukuta hadi ukuta. Kwenye matrela mengi kutoka katikati ya boriti moja hadi katikati ya nyingine ni inchi 16 au inchi 24. Kama boriti ni za chuma, pitisha sumaku kwenye dari na utazisikia zinavyoishika. Kama ni za alumini, fuata mistari ya skrubu za dari, au fungua kipande cha dari uone kwa macho. Mimi nafungua dari kila mara, maana fremu haiwezi kutengenezwa vizuri kwa kubahatisha.

Usikate boriti. Penye inchi 16, ukiondoa unene wa boriti yenyewe, tundu la inchi 14 linaingia kati bila shida.

Feni iwe mbali na dirisha au tundu litakaloingiza hewa, ili hewa ipite chumba kizima kabla ya kutoka. Ukiweka dirisha mbele, feni ikae nyuma. Kama unapika ndani, isogeze karibu na jiko. Fikiria pia paneli za sola utakazoweka kesho: kivuli cha kifuniko kilicho wazi kinapunguza umeme wake. Bawaba za kifuniko zielekee mbele ya trela, ili upepo wa safari upite juu ya kifuniko badala ya kuingia chini yake na kukinyanyua.

Hatua ya 3: Tengeneza fremu

Hapa usiharakishe.

Kata vipande viwili vya mbao kavu au vya bomba mraba la alumini, vyenye kimo sawa na boriti ili dari irudi ikiwa bapa. Vipande hivi viende mbele na nyuma, kutoka boriti hadi boriti, kimoja kulia na kimoja kushoto mwa tundu. Kama boriti zako zimeachana inchi 24, ongeza vingine viwili vya kufunga mraba upande wa mbele na wa nyuma. Unataka kila upande wa tundu uwe na kitu kigumu ambacho skrubu itaking'ata.

Vifunge kwenye boriti kwa vyuma vya pembe na skrubu. Kati ya fremu na bati paka gundi ya poliyurethani, kisha sukuma fremu juu mpaka iguse bati pote. Paa nyingi zina mgongo kidogo katikati, kwa hiyo huenda ukalazimika kupiga randa sehemu ya juu ya mbao ili ifuate mgongo huo. Ikibaki nafasi hata ya milimita mbili, skrubu itakapokazwa italivuta bati chini na kutengeneza kidimbwi, na kidimbwi kitatafuta njia ya kuingia.

Usitumie mbao zilizotiwa dawa yenye shaba. Zikigusana na alumini penye unyevu, alumini huliwa. Mbao ya kawaida iliyopakwa rangi pande zote inatosha.

Acha gundi ikauke kabla ya kukata.

Hatua ya 4: Kata

Chukua drili yenye biti ya milimita 10. Ukiwa ndani, toboa kwenye pembe nne za fremu kuelekea juu. Matundu hayo manne yatakuonyesha juu ya paa mahali fremu ilipo, na utaunganisha mistari kwa rula na penseli bila wasiwasi wa kupishana.

Usitembee juu ya bati. Fanya kazi ukiwa kwenye ngazi, au laza kipande kipana cha plaiwudi kinachokaa juu ya boriti kadhaa na ulale juu yake kwa tumbo.

Bandika tepu ya karatasi kuzunguka mistari, ili kitako cha jigso (msumeno mdogo wa umeme) kisichubue rangi. Tumia wembe wa kukatia chuma wenye meno madogo. Bati la paa halifiki unene wa milimita moja na nusu, na meno makubwa yatalirarua. Vaa miwani. Kila unapomaliza upande mmoja, bandika tepu kuvuka mkato. Bila hivyo, unapofika upande wa mwisho kipande kinaning'inia kwa uzito wake na kupinda bati kwenye pembe.

Lainisha kingo kwa tupa, kisha fagia vumbi lote la chuma mara moja, ndani na nje. Kama ulitoboa boriti za chuma, chembe zake zikilala juu ya paa zitapata kutu baada ya umande wa kwanza na kuacha madoa ya kahawia yasiyotoka.

Hatua ya 5: Jaribu bila gundi

Weka tundu mahali pake likiwa kavu. Bonyeza kila pembe kwa kidole. Likitikisika, rudi kwenye fremu. Likikaa kimya, toboa matundu madogo ya skrubu kupitia ukingo wake, kisha liondoe.

Hatua ya 6: Mkanda wa butili, kisha gundi ya juu

Futa bati kwa kitambaa chenye spiriti ya isopropili mpaka kitambaa kitoke safi. Bandika mkanda wa butili (mkanda laini wa mpira unaonata na kuzuia maji) upande wa chini wa ukingo wa tundu, kuzunguka lote, bila kuuvuta. Ukiuvuta unakuwa mwembamba, na baadaye unajirudi na kuacha mwanya. Ncha zake zipishane upande wa nyuma wa trela, ambako maji ya mvua hayasukumwi na upepo wa mwendo.

Teremsha tundu wima, usilisogeze likishagusa. Weka skrubu zisizoshika kutu na uzikaze kwa bisibisi ya mkono, ukienda pembe kwa pembe ya mkabala, kidogo kidogo. Drili inakaza kupita kiasi na kupasua ukingo wa plastiki. Endelea kukaza mpaka uone butili imejitokeza pande zote kama uzi mnene usiokatika. Ngoja saa moja, butili itakuwa imetulia. Kaza tena robo mzunguko. Kata iliyozidi kwa kipande cha plastiki.

Sasa funika kila kichwa cha skrubu na ukingo wote kwa gundi ya paa inayojisawazisha, kama ile ya Dicor, ukihakikisha lebo inasema inafaa kwa alumini. Kwa paa lenye mteremko mkali tumia aina isiyotiririka.

Silikoni ya madirishani iache dukani. Leo itashika, ila siku ikichoka hakuna kitu kitakachoshika juu yake, hata silikoni nyingine, na utakwangua siku nzima kuiondoa.

Hatua ya 7: Umeme

Feni hizi ni za volti 12. Ondoa waya wa betri kwanza. Kwa umbali mfupi waya wa milimita za mraba 1.5 unatosha, na fyuzi ikae karibu na betri. Feni nyingi zinahitaji fyuzi ya ampea 5; fuata lebo ya yako. Kila mahali waya unapopenya chuma, weka raba ya kulinda ngozi yake. Hakikisha chanya na hasi kwa mita kabla ya kuunganisha, kwa sababu feni zenye kidhibiti cha kielektroniki zinaweza kuungua zikigeuzwa.

Hatua ya 8: Mwagia maji kabla ya kufunga dari

Gundi ikishakauka, mwagia paa kwa mpira wa maji, ukianzia chini na kupanda polepole, dakika kumi hivi. Mwenzako awe ndani na tochi, apapase fremu kwa vidole. Ukiwa umeshafunga dari, uvujaji utauona mwezi ujao kama doa, na wakati huo mbao imeshalowa.

Unapoanza kuitumia

Feni haivuti hewa ambayo haina pa kuingilia. Fungua dirisha kidogo upande wa pili, hata kwa upana wa vidole viwili, halafu ndipo uiwashe. Hili ni muhimu zaidi kama ndani kuna jiko au hita ya gesi: feni ikivuta kwenye chumba kilichofungwa inaweza kurudisha moshi wa moto ndani, pamoja na kaboni monoksidi, ambayo haina harufu. Weka kengele ya kaboni monoksidi, na usilale jiko likiwaka.

Funga kifuniko kabla ya kuondoka kambini. Mara moja au mbili kwa mwaka panda na ngazi, futa vumbi kwenye ukingo na utazame gundi. Ukiona ufa, safisha hapo kwa spiriti na uongeze gundi ya aina ileile juu yake.