Projekti ya jiografia: kupima mto bila kupika data

Kama mmepewa projekti ya jiografia na karibu na shule kuna kamto, msihangaike na mada kubwa kubwa, pimeni mto wenyewe inatosha kabisa. Tafuteni sehemu iliyonyooka, pimeni mita 10 kwa tepu, kijiti mwanzo kijiti mwisho. Alafu tupieni chungwa majini juu kidogo ya kijiti cha kwanza, likifika hapo mwenye simu aanze kuhesabu sekunde. Chungwa ni zuri sababu linazama karibu lote, upepo haulisukumi hovyo kama kipande cha boksi, na likipotea hakuna wa kuwadai. Rudieni mara tano, pembeni na katikati, mchukue wastani. Ikitoka sekunde 20 basi kasi ni mita 0.5 kwa sekunde, ila hiyo ni ya maji ya juu tu, chini maji yanakwamishwa na mawe ndo maana watu huzidisha kwa 0.85 hivi. Kina pimeni kwa rula kila nusu mita mkivuka ukingo hadi ukingo, maji yakipita magoti acheni. Namba ziandikwe hapo hapo mtoni, hata zile za ajabu, maana ticha akiona zote zimefanana anajua mmezipika bwenini.