Hita ya Juni kwenye waya wa zamani

Baridi ya Juni ikishika Mbeya, Makete au Mafinga, hita ndiyo inayoumbua waya wa nyumba ya zamani. Hita ya wati 2,000 hula karibu ampea 9 kwenye volti 230. Chomeka na birika la wati 2,200 kupitia ekstensheni hiyohiyo, unafika ampea 18. Soketi hutakiwa waya wa 2.5 mm², ila nyumba za zamani unaweza kukuta soketi imeongezwa kutoka waya wa taa, 1.5 mm². Huo unachemka ndani ya ukuta kimyakimya.

Hita ikiwaka nusu saa, gusa plastiki ya plagi. Ikiwa ya moto, au tundu la soketi limegeuka rangi ya chai, mara nyingi skrubu ya ndani imelegea. Zima mein swichi. Fundi apime kwa tesita, akate ncha iliyoungua, abadilishe soketi.

Na fyuzi ikikatika, tafadhali sana, usifunge kipande cha waya wa shaba mahali pake. Kinaweza kisikatike kwa wakati, na kitakachoungua ni waya wa ukutani, na juu yake kuna mbao za dari.