Jinsi ya kumwona sifongo akivuta maji

Chagua siku za bamvua. Maji yakipwa sana, ule ukingo wa mwamba ambao siku nyingine huufikii hubaki na vidimbwi, na humo ndimo sifongo, wanyama hao wa baharini, walimo: pembeni, chini ya mabamba ya mawe, palipo na kivuli. Fika saa nzima kabla maji hayajapwa kabisa. Kazi hii ni ya kukaa.

Nasema hivyo kwa sababu miaka mingi niliwapita tu. Sifongo hana uso, hana mdomo, hana neva wala misuli. Jicho humchukulia kama rangi iliyomwagika juu ya jiwe. Mwanangu ndiye aliyenisimamisha, akinyooshea kidole kibonge cha rangi ya machungwa: "Mama, tutajuaje kama huyu yuko hai?" Sikuwa na jibu. Sasa ninalo, na ni la kuonyesha, si la kusema.

Ukimpata, usimguse na usimtoe majini. Wapo wanaowasha, na wengi miili yao imejaa vijiti vidogo kama sindano za kioo, ambavyo huingia kwenye ngozi. Akitolewa nje, hewa hujaa katika mifereji iliyokuwa na maji. Jiwe ulilolifunua lirudishe lilivyokuwa. Piga magoti upande ambao kivuli chako hakimwangukii, kisha tafuta tundu. Vitundu vya kuingizia maji ni vidogo mno kwa macho. Unachotafuta ni lile kubwa lililoinuka kama mdomo wa volkano, pengine la ukubwa wa kichwa cha kiberiti. Hilo ndilo la kutolea. Ukilikuta limefumba, subiri. Sifongo akisumbuliwa hujikunja, japo hana misuli, na hufunguka kwa wakati wake.

Sasa rangi. Tia matone mawili ya rangi ya chakula katika kijiko cha maji ya bahari, tena ya kidimbwi kilekile. Mara ya kwanza nilichanganya na maji baridi ya bombani, yaani yasiyo na chumvi. Rangi ikapanda juu, tukashangilia, kumbe hatujaona kitu: maji baridi ni mepesi kuliko ya chumvi, lazima yaelee. Nilikuwa nimemwambia mtoto jambo lisilo la kweli, na ilibidi turudi bamvua iliyofuata nimsahihishie.

Vuta mchanganyiko kwa bomba la sindano lisilo na sindano yake. Sogeza ncha karibu na ubavu wa sifongo, chini ya lile tundu, uachie tone moja bila kusukuma. Usielekeze kwenye tundu lenyewe. Kisha mikono itulie. Rangi hukaa ubavuni kama ukungu, hufifia kuelekea kwenye ngozi, humezwa. Halafu, pale juu, hutokeza uzi mwembamba wa rangi unaosimama kama moshi wa utambi uliozimwa sasa hivi, mahali pasipo upepo. Mwanangu aliacha kupumua alipouona.

Wanaosukuma ni seli zilizopangwa ndani ya vijumba vya mifereji. Kila moja ina mjeledi mmoja unaopigapiga, na kuuzunguka mjeledi huo kuna kola ya vinyweleo inayonasa bakteria na chembe za chakula. Hakuna ubongo wa kuziongoza. Hata hivyo wapo sifongo ambao kwa siku moja hupitisha maji maelfu ya mara ya ujazo wa miili yao. Huingia polepole kwa matundu mengi na kutoka kwa kasi kwa tundu moja, na kasi hiyo huyatupa mbali yale yaliyokwisha chujwa, asiyanywe tena. Robert Grant, mtaalamu wa wanyama Mskoti, alikaa hivihivi miaka ya 1820 akimkodolea macho sifongo hadi akayaona maji yakibubujika kutoka tunduni. Watu walikuwa bado wanabishana kama ni mmea au mnyama.

Mwaka 1907 mwanabiolojia H. V. Wilson alimkamua sifongo kupitia kitambaa laini cha hariri. Seli zikatawanyika, zikatambaa, zikakutana, zikajijenga upya. Nakuomba usilijaribu hilo kwa sifongo wa kidimbwini. Wengi hukua polepole sana.

Nyumbani tumia kipande kilichokufa, kile kinachotupwa ufukweni. Loweka kidogo katika dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, mahali penye hewa, hadi nyama iyeyuke, kisha suuza mashapo mara nyingi kwa maji safi. Chini ya hadubini utaona sindano, nyota, vijiti vya pembe tatu. Ukitaka kujua ni vya chokaa au vya silika (madini ya kioo), dondoshea siki: vya chokaa hutoa mapovu. Lakini kwanza hakikisha klorini imeondoka yote, maana ikikutana na siki hutoa gesi ya sumu. Kama havikubaki vijiti vyovyote, sifongo wako alikuwa wa nyuzi tupu, jamaa ya wale wa kuogea.

Ukitaka kumtazama konyeza, yule mnyama laini wa baharini mwenye umbo la mwavuli, huhitaji rangi. Mtazame kutoka gatini, maji yakiwa shwari, uhesabu mipigo ya mwavuli wake kwa dakika moja. Wadogo hupiga haraka kuliko wakubwa. Angalia hasa anapofunguka: misuli yake hufumba tu, haifumbui. Kinachoufungua mwavuli ni ule ute mzito wa mwili wake, unaorudi wenyewe kama mpira uliobinywa. Ukiona mapete manne katikati, ni konyeza mwezi, na mapete hayo ni viungo vyake vya uzazi.

Aliyekwama mchangani usimguse hata akiwa amekauka. Seli zake za sumu hufyatuka bila amri ya mwenyewe. Ukichomwa, toka majini, usisugue, usimwagie maji yasiyo na chumvi, ondoa minyiri kwa kibanio. Pumzi ikibana au moyo ukienda mbio, nenda hospitali mara moja.